Una shahada ya uhandisi na unataka kuendesha gari za mashindano? Anza na daftari

Vijana wengi wa ufundi wananiuliza, eti nikimaliza uhandisi mitambo naweza kuwa dereva wa mashindano kama wale wa NASCAR, ligi kubwa ya mbio za magari huku Marekani? Inawezekana kabisa, ila shahada haitakukanyagia mafuta, na kuna tabia moja lazima uijenge mapema, kuandika kila kitu daftarini, ambayo mimi niliipata kwa maumivu.

Nilikuwa na misimu miwili naendesha daraja la chini kwenye kiwanja kidogo cha lami hapa North Carolina, gari ya kizamani tuliyoijenga gereji na jamaa watatu. Jumamosi moja mazoezini mkia ukawa unatoka, yaani nyuma ya gari inateleza, kila nikimaliza kona ya nne, nikarudi piti, pale mafundi wanapotengenezea gari, na kichwa cha chuo kimejaa majibu, tukapunguza upepo wa tairi ya nyuma kulia, tukabadili spring, na tukaweka tairi nyingine kushoto, yote ndani ya dakika ishirini. Gari ikawa mbaya zaidi. Fundi wetu akaniuliza, "Sasa kaka, kati ya hivi vitatu kipi kimeharibu?" Sikuwa na jibu, na mbio zilikuwa zinaanza baada ya nusu saa.

Kwa wasiojua, gari hizi zinakata kona kushoto tu, kwa hiyo tairi za kulia tunaweka zenye mzingo mkubwa kidogo kuliko za kushoto ili gari igeuke yenyewe. Ile tofauti tunaiita staga. Unaipima kwa tepu, unazungusha katikati ya tairi, unaandika kwa chaki ubavuni. Ikizidi, mkia unatoka. Sasa tairi ikikaa juani upepo wake unapanda na mzingo unaongezeka, na siku ile za kulia zilikuwa juani tangu saa sita na za kushoto zilikuwa kivulini nyuma ya trela! Nililijua hilo wiki iliyofuata, tena kwa sababu jamaa mmoja alikumbuka tu.

Mtu ninayependa vijana wamsome ni Alan Kulwicki. Alisoma uhandisi mitambo Chuo Kikuu cha Wisconsin-Milwaukee akamaliza 1977, baadaye akauza vitu vyake akahamia upande wa Charlotte, hapa North Carolina, mwaka 1986 akawa dereva bora chipukizi wa NASCAR, na alikuwa na timu yake mwenyewe, yaani dereva yeye, tajiri yeye. Junior Johnson, mwenye timu kubwa, alimtaka akakataa. Mwaka 1992 zilipobaki mbio sita alikuwa nyuma pointi 278 kwenye ubingwa wa NASCAR, watu wakaona kwisha habari, yeye akaendelea kuokota moja moja mpaka mbio za mwisho Atlanta, Novemba 15.

Mbio zile ndo somo lenyewe. Aliyeongoza raundi nyingi kuliko wote alikuwa anapewa pointi 5 za ziada, na kikosi chake kikawa kinahesabu raundi huku gari ina gia ya kwanza imevunjika. Kulwicki akaongoza raundi 103, mpinzani wake wa ubingwa Bill Elliott 102. Elliott akashinda mbio, Kulwicki akawa wa pili, lakini ubingwa akachukua Kulwicki kwa pointi 10. Ukipiga hesabu, zile pointi 5 zingeenda kwa Elliott wangefungana, na Elliott angechukua kombe sababu alishinda mbio 5 msimu ule na Kulwicki 2. Raundi moja tu aisee. Aprili 1, 1993 akafariki kwenye ajali ya ndege akielekea mbio za Bristol, na kila nikifika sehemu hii bado inaniuma.

Yuko pia Ryan Newman, huyu ana shahada ya uhandisi toka Purdue na alishinda Daytona 500, mbio kubwa kabisa za NASCAR, mwaka 2008, kwa hiyo njia ipo.

Ushauri wangu sasa. Usisubiri upate gari, nenda kiwanjani ukashike jeki, ubebe tairi, ufagie, huko ndo utajua spana inasema nini. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, hata kama kila mtu anakupigia kelele. Jifunze kumwambia fundi gari imefanya nini na wapi, ukiingia kona, katikati, au ukitoka, maana "gari mbaya" haimsaidii mtu. Halafu hela ni ngumu kweli, tairi zinakula kuliko mafuta, usiache kazi mapema.

Daftari langu la kwanza bado ninalo. Ukurasa wa Jumamosi ile una maneno matano tu, "mkia unatoka kona ya nne", hakuna upepo, hakuna staga, hakuna saa. Siku hizi kila tairi ina mstari wake, baridi na moto, na imekaa jua au kivuli. Ukiwa karibu na Charlotte na unataka kujifunza, njoo Jumamosi saa nane mchana, tunaanza na tepu.