Kabla ya Kupanda Ngazi ya Meli na Injili Mkononi

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikifuatana na kasisi wa bandari kuwatembelea mabaharia melini, na waumini wenzangu huniuliza mara kwa mara waanzie wapi ili nao waingie katika huduma hiyo. Jibu langu huwashangaza kidogo, kwa kuwa huanza na habari ya usingizi.

Siku yangu ya kwanza nilipanda meli ya shehena nikiwa na mkoba uliojaa vijitabu, nikamkuta baharia mmoja peke yake katika chumba cha kulia, nikamhubiria kwa takriban dakika 20. Alinisikiliza kwa adabu mpaka kichwa kikamwangukia ukutani, kijiko kikiwa bado mkononi. Baadaye niliambiwa kwamba zamu yake ilikuwa ya saa sita hadi saa kumi, usiku na mchana, na kwamba saa zake za kupumzika alikuwa ameitwa kufunga kamba meli ilipotia gati. Nilikuwa nimemwibia usingizi kwa jina la Bwana. Basi ukifika, muulize mlinzi wa ngazini nani yuko zamu na nani amelala, na waliolala uwaache.

Mwaka 1835 kasisi wa Kianglikana, John Ashley, aliziona meli zilizotia nanga katika Mlangobahari wa Bristol, zenye watu wasiofikiwa na mchungaji yeyote, akaamua kuwafuata huko huko kwa mashua. Kazi yake ndiyo chimbuko la umisheni ulioundwa mwaka 1856, ambao leo unaitwa Mission to Seafarers. Wakatoliki nao walianzisha utume wao Glasgow mwaka 1920, nao sasa unajulikana kama Stella Maris. Enzi za matanga meli iliweza kukaa siku nyingi ikingoja upepo, ilhali meli ya kontena ya leo yaweza kushusha, kupakia na kung'oa nanga ndani ya siku moja, kwa hiyo baharia hapati nafasi ya kutafuta kanisa. Mara nyingi anachotafuta ni laini ya simu yenye bando, apate kuwasikia watoto wake. Mpelekee. Wapo wanaoona kwamba huko ni kuipunguza Injili, nami sikubaliani nao: katika Matendo ya Mitume sura ya 27, baada ya siku 14 za dhoruba, Paulo aliwasihi watu 276 waliokuwa melini wale chakula.

Sala itakuja yenyewe. Wakati mmoja tuliitwa kwenye meli ambayo fundi wake wa mitambo alikuwa amefariki safarini, na wenzake walikuwa wakizunguka sitaha nzima ili wasipite mbele ya mlango wake. Viatu vyake vya kazi vilikuwa bado nje ya mlango, vimepangwa vizuri. Kasisi aliuombea ule mlango, kisha kitanda, kisha waliokuwapo mmoja mmoja. Waislamu wawili walisimama nasi mpaka mwisho, na hakuna aliyewauliza lolote.

Utasikia pia malalamiko ya mishahara. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unampa baharia haki ya kulalamika, lakini usimkabili nahodha kwa hasira zako, wala usitaje jina la mtu bila idhini yake, maana anaweza kuukosa mkataba wake wa ajira unaofuata. Mpe namba za mkaguzi wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji, kisha umwachie uamuzi. Picha usipige kabisa.

Kabla ya kushuka, uliza bandari inayofuata na uiandike, ili jioni hiyo hiyo umjulishe kasisi wa huko ni nani melini anayehitaji kutembelewa.