Simba wa Vienna

Swali: Kwa nini Nat Lofthouse, mshambuliaji wa kati wa Uingereza wa miaka ya 1950, aliitwa Simba wa Vienna?

Jibu: Alilipata jina hilo Mei 1952 jijini Vienna, Uingereza ilipoifunga Austria mabao 3-2, kwani alipokuwa akifunga bao lake la pili, ambalo ndilo lililoleta ushindi, aligongana na kipa akazirai. Lofthouse, aliyechimba makaa ya mawe wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hakuichezea klabu nyingine ila Bolton Wanderers, na katika mechi 33 za taifa alifunga mabao 30. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1958 aliifunga Manchester United mabao yote mawili, ingawa la pili, alipomsukuma kwa bega kipa Harry Gregg pamoja na mpira hadi wavuni, mwamuzi wa leo asingelikubali.