Maswali na Majibu: "Sabotage", viatu vya mbao na hujuma zetu

Nimesoma kwamba kitenzi cha Kiingereza "sabotage" kilitokana na wafanyakazi wa Ufaransa waliotupa viatu vyao vya mbao ndani ya mashine. Ni kweli? (Mwalimu, Kasarani)

Kiatu kipo, kutupwa hakupo. Wafaransa hukiita kiatu cha mbao "sabot", na kitenzi chao "saboter" kilimaanisha kutembea kwa kishindo na, kwa kupanuliwa, kufanya kazi ovyo ovyo. Hadithi ya mashine ilizuka baadaye, nayo inazunguka kwenye WhatsApp kwa kuwa ni tamu kusimulia, ilhali historia yenyewe ni tamu zaidi. Mwaka 1889 makuli wa bandari ya Glasgow waligoma, waajiri wakaleta vibarua wa mashambani ambao hawakujua kubeba shehena lakini wakasifiwa vivyo hivyo. Mgomo uliposhindwa, makuli walirudi na kuiga uzembe ule ule uliosifiwa, hadi wakapandishiwa ujira. Vyama vya wafanyakazi vya Ufaransa viliipenda mbinu hiyo, na mkutano wao wa Toulouse wa mwaka 1897 ukaiidhinisha kwa jina la "sabotage". Sisi tuna jina letu zuri, mgomo baridi. Kiingereza kililipokea neno hilo hasa wakati wa mgomo wa reli wa Ufaransa wa mwaka 1910, na maana ya kuvunja na kulipua ikakolea katika vita vilivyofuata.

Naweza kuandika "kusaboti"? (Mwanafunzi, Rongai)

Usithubutu.

Je, "kuhujumu" ni tafsiri yake sahihi? (Msomaji, Buruburu)

Ni sahihi, ingawa maneno hayo hayana nasaba moja. Hujuma imetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake ni kushambulia, hata kama ni mchana kweupe. Kiswahili ndicho kilichokoleza usiri na nia ya kudhoofisha kutoka ndani. Tanzania ilipoanzisha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, waliolengwa hasa ni walanguzi na waliokuwa wakificha bidhaa, si wavunja mashine, na tangu hapo neno hilo limebeba uzito wa jinai ambao mwandishi hana budi kuukumbuka kabla ya kumbandika mtu.

"Kuathiri" na "kuadhiri" ni kitu kimoja? (Wasomaji watatu, wiki hii pekee)

Kuathiri ni kuleta mabadiliko, yawe mema au mabaya. Kuadhiri ni kuaibisha. Mwandishi wa habari anayesema mafuriko "yameadhiri" wakazi wa Mathare amesema mafuriko yamewatia aibu.

Mwenye nyumba wangu ameacha pampu ya maji ikiwa mbovu kwa mwezi mzima. Naweza kusema ananihujumu? (Mpangaji, Pipeline)

Sema anakupuuza, anakutesa au anakudhulumu, kwa maana vitenzi hivyo havikudai uthibitishe mpango wa siri. Kuhujumu kunataka nia. Ukijua kwamba anaiacha pampu hiyo makusudi ili uhame amlete mpangaji wa kodi ya juu, hapo neno ni lako. Viongozi wetu wamelichakaza kitenzi hiki: kila mradi unaokwama "umehujumiwa", hata pale ambapo aliyepewa kazi hakuifanya, na magazeti huyanakili madai hayo bila alama za kunukuu, wala hayaulizi nani alihujumu na kwa njia gani.