Priampu ya valvu: ya zamani au mpya?
Ndugu, kabla ya kuchagua kati ya Dynaco PAS-3 ya zamani na priampu mpya ya valvu (kifaa cha mirija ya glasi kinachoandaa sauti kabla haijafika kwenye ampu), tazama ampu yako. Priampu nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zilikusudiwa kuendesha ampu za valvu, ambazo impidansi yake ya kuingilia, yaani ukinzani inaokutana nao priampu, ni kubwa. Ukiifunga PAS-3 kwenye ampu ya transista yenye impidansi ndogo, tuseme omu 10,000, besi inakonda na mngurumo wake unapotea, halafu utalaumu spika bure. Kama ampu yako ni ya transista, mimi ningechukua mpya bila kusita.

Ila kama ni ya valvu na unasikiliza santuri sana, ya zamani ina utamu wake, na sehemu ya fono, ile ya kuunganishia mashine ya santuri, mara nyingi imo ndani tayari. Valvu zenyewe zisikutishe: za aina ya 12AX7, zinazotumika humo, bado zinatengenezwa. Kinachochakaa ni kapasita za elektroliti (zinazohifadhi chaji) na rektifaya za seleni (zinazogeuza umeme wa AC kuwa DC), kwa hiyo bei ya fundi iingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Na tafadhali, iliyokaa miaka bila kutumika usiichomeke ukutani kabla haijakaguliwa. Ndani mna volti mia kadhaa.