Tambuu, Kuberi na Saratani ya Kinywa: Niwafundisheje Wanachuo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mkufunzi katika chuo kimoja hapa Mombasa, na nimetakiwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu saratani ya kinywa. Wengi wao huiona kuwa maradhi ya wazee wavutaji sigara, ilhali baadhi yao hubana kuberi mdomoni wanapokesha kusoma, na wengine hutafuna tambuu tamu wakiamini kwamba isipotiwa tumbaku haina madhara. Nianzie wapi?
Mkufunzi, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwalimu. Anzia kwenye tambuu, kwa kuwa imani hiyo imekita mizizi hapa Pwani na ni ya hatari. Popoo yenyewe, yaani ile kokwa ngumu inayofungwa ndani ya jani la tambuu, hata bila tumbaku, iliwekwa katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, katika ripoti ya mwaka 2004 ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani. Isitoshe, popoo hukakamaza nyama za ndani ya mashavu hadi mtafunaji, hata akiwa kijana, ashindwe kupanua kinywa, na hali hiyo yaweza kugeuka saratani.

Kuberi nayo ni tumbaku, na baka jeupe mara nyingi hutokea pale pale inapobanwa. Wanaovuta sigara na kunywa pombe pia waelezwe kwamba viwili hivyo vikikutana, hatari huzidi sana.

Kisha wafundishe kujikagua kwa kioo na mwanga wa simu: midomo, fizi, ndani ya mashavu, na hasa pembeni na chini ya ulimi. Kidonda, uvimbe au baka jeupe au jekundu lisilotoweka kwa wiki 2 lionwe na daktari wa meno hata kama haliumi, maana saratani hii mwanzoni aghalabu haina maumivu, na ndiyo sababu wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Picha za kutisha mimi nisingezitumia, kwa sababu aliyekwisha kuzoea kutafuna huona haya akajificha, naye ndiye tunayemtafuta. Afadhali umwalike daktari wa meno kutoka hospitali ya umma awapime wanaotaka siku iyo hiyo, katika chumba cha faragha, na majina yao yasipelekwe kwa uongozi wa chuo.