Zuia Barua za Matangazo Kabla Hazijachapishwa

Tukizungumzia karatasi na mazingira, wengi wetu hukimbilia kwenye pipa la taka za kurejelezwa. Sianzii huko tena. Katalogi ikishafika mlangoni, mti umeshakatwa, maji na umeme wa kiwandani vimeshatumika, na gari limeshachoma mafuta kuileta. Kuirejeleza ni afadhali kuliko kuitupa, maana karatasi ikifukiwa jalalani huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayozidisha joto duniani. Lakini nyuzi zake hufupika kila zinaporudiwa kiwandani, na kazi hiyo nayo inakula nishati. Mimi nataka isichapishwe kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuchana kitu chochote, tazama kama kina jina lako. Kama lipo, kuna mtu ameliweka kwenye orodha, na huyo ndiye wa kuandamwa. Karibu na anwani mara nyingi kuna tarakimu ndogondogo: hiyo ni namba yako ya mteja, na ukiitaja wanakupata upesi. Mimi hukata kipande hicho na kukihifadhi, kisha siku nikipata nafasi naziandikia kampuni zote kwa mkupuo. Maneno ni machache: “Naomba mfute jina na anwani hii katika orodha zenu za matangazo, wala msiigawe kwa kampuni nyingine.” Sielezi sababu wala siombi radhi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika mwaka 2018 inakupa haki ya kukataa matangazo ya moja kwa moja, nao wakipata kauli yako hawana budi kuacha. Uingereza wana Mailing Preference Service, daftari la wasiotaka barua za matangazo, na kujiandikisha ni bure. Marekani kuna huduma kama hiyo, DMAchoice, ambayo hutoza ada kidogo. Inaudhi kulipia kutoletewa usichokiomba, ila kwa maoni yangu inafaa. Zile barua za kukushawishi uchukue kadi ya mkopo zina mlango wake hukohuko Marekani, OptOutPrescreen: unaweza kuzisimamisha kwa miaka 5, au daima ukitia saini fomu na kuituma kwa posta.

Usitarajie ukimya kesho yake. Bahasha huandaliwa mapema, hivyo zilizokwisha chapishwa zitaendelea kuja kwa wiki kadhaa, pengine miezi.

Wakati unasubiri, ziba tundu. Ninapojaza fomu ya dukani huongeza herufi moja katikati ya jina langu, kila duka na herufi yake. Ikija barua ya kampuni nisiyoijua ikiwa na herufi ile, namjua aliyetoa jina langu. Nilichojifunza kwa mchezo huo ni kwamba bahati nasibu za bure si za bure, na hata mashirika ya hisani mengine hubadilishana majina ya wafadhili. Sasa nikichangia, naandika papo hapo kwamba jina langu lisigawiwe. Kadi za dhamana ya bidhaa zinazotaka kujua kipato chako na idadi ya watoto sizijazi tena. Mara nyingi risiti inatosha kudai dhamana.

Barua za mpangaji aliyehama ziandike “hakai hapa” na uzirudishe posta. Marekani, hata hivyo, barua za matangazo zinazotumwa kwa bei nafuu kwa kawaida hazirudishwi kwa mtumaji. Posta huzitupa tu, kwa hiyo huko mwandikie mtumaji mwenyewe.

Vipeperushi visivyo na jina ni habari nyingine, kwa sababu hakuna orodha ya kufutwa. Hapa stika ya kukataa matangazo ndiyo silaha. Ujerumani na Uholanzi zimezoeleka kwenye masanduku ya barua, na Ufaransa “Stop Pub” ipo tangu 2004. Amsterdam waligeuza kibao mwaka 2018: asiyebandika stika ya kukubali haletewi vipeperushi. Natamani miji yote ingefanya hivyo, maana mzigo umehamia kwa anayetaka matangazo. Marekani stika haimzuii mtu wa posta kuleta matangazo yaliyolipiwa kwa mtaa mzima. Huko inabaki kumpigia simu mwenye tangazo. Namba yake hakosi kuiweka, tena kwa herufi kubwa.