Muulize Sista: sindano, zamu za usiku na wito usiolipa kodi ya nyumba

Barua za wiki hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: unesi unalipa, na mtu anadumu vipi? Nina miaka 17 wodini, najibu nilivyoishi.

Nimemaliza kidato cha nne. Baba anasema unesi hauna hela. Kweli? (Morogoro)

Baba yako hajakosea, ila hajamaliza. Stashahada ni miaka mitatu, kisha mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu ndipo kusubiri kunapoanza. Ajira za serikali hutoka kwa mafungu. Ukikosa fungu moja utajikuta unajitolea mahali kwa nauli tu, huku ukikumbushwa kuwa kazi hii ni wito. Mwenye nyumba hapokei wito. Uliza mapema posho ni kiasi gani na kwa muda gani, na upewe kwa maandishi. Ukishaajiriwa, mshahara si wa ghorofa, lakini unaingia kila mwezi. Mabenki yanalijua hilo, kwa hiyo jihadhari na mikopo.

Nilijichoma na sindano ya mgonjwa, nikanyamaza. (Mwanza)

Wewe nilikupigia simu siku ileile. Haya nawaandikia wengine.

Mimi ilinipata saa kumi alfajiri, narudishia sindano kifuniko kwa mikono miwili. Kisanduku cha sindano kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, kingine kiko stoo, na mwenye ufunguo amelala kwake. Nikakamua kidole kama mtoto. Usikamue. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, mwambie kiongozi wa zamu, mpimwe wewe na mgonjwa akiridhia, na uanze haraka PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tukio kama hili. Ikipita saa 72 umechelewa. Unameza siku 28 bila kuruka.

Mgonjwa akiwa ameambukizwa, hatari ya VVU kwa mchomo mmoja ni kama 3 kati ya 1,000. Homa ya ini B ndiyo ya kuogopa kwa asiyechanjwa: yaweza kufika 30 kati ya 100. Chanjo yake ni dozi tatu ndani ya miezi sita, na bado nakutana na wanafunzi wanaoingia wodini bila hata moja. Wengi wananyamaza wasiitwe wazembe. Kisanduku kilichojaa si uzembe wako, kiandike kwenye ripoti.

Mwanaume anaweza kuwa mkunga? (Tabora)

Anaweza, na wapo. Omba ridhaa ya mama kabla ya kumgusa, jambo ambalo hata sisi wanawake tungefanya vizuri kulikumbuka. Utaitwa dokta kila siku, sahihisha, usizoee.

Miaka tisa kazini, nimechoka. Niache? (Mbeya)

Umechoka na wagonjwa, au na zamu? Ukiwa wodi ya wazazi usiku, wanawake sita wana uchungu nanyi mko wawili, uchovu huo hautibiwi na semina. Mimi niliandika barua ya kuacha mwaka wa nane. Nikaomba kwanza kuhamia kliniki ya watoto, mchana tu. Ile barua ilikaa kwenye mkoba mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Mwenzangu aliyekuwa bora kuliko mimi aliondoka, leo ana duka la dawa, na simwoni kama msaliti. Jaribu idara nyingine kwa miezi sita. Mgongo ukiuma, usigeuze mgonjwa peke yako. Tumia shuka, na mwite mwenzako.

Sista, viatu gani? (Tanga)

Vilivyofunikwa mbele, na vipana kidogo, maana miguu huvimba. Kandambili acha nyumbani: sindano ikidondoka yaweza kutua kwa ncha.